Nilivyogeuzwa Dokta wa Baridi

Theluji nimeiona ndani ya frigo la mama yangu tu, tena si kila wiki, kwa sababu umeme wa mtaa wetu wa Naviundu una tabia ya kuondoka bila kuaga. Hata hivyo, ukinipa leo ramani tupu ya kusini mwa Ulaya nitakuwekea nukta bila kukosea sana: Sierra Nevada kule mwisho wa Hispania, milima ya Pirenei, Alpi, Apenini inayoishika Italia kama uti wa mgongo, halafu milima ya Balkani mpaka Ugiriki. Nitakwambia mmea gani wa baridi unakaa kwenye kilele kipi, na umejificha upande gani wa jiwe. Wenzangu wanajua majina ya wachezaji wa mpira. Mimi najua hayo.

Sikuyachagua. Nilipofika mwaka wa mwisho wa botania hapa Lubumbashi, nilitaka kuandika tasnifu juu ya mimea ya shaba, ile inayoota kwenye vilima vyetu vyenye madini ambako miti inakataa kuota. Nilikuwa nimeshajipatia kilima changu, upande wa kwenda Kinsevere. Nilikwenda na mkasi, rundo la magazeti ya kukaushia majani na chupa ya maji. Mlinzi wa kampuni ya madini aliyekuwa getini alikuwa mtu mpole kupita kiasi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimekula, akanirudisha. Nikaja tena na barua ya chuo. Akaisoma yote kwa sauti, akausifu muhuri wake, akanirudisha. Safari iliyofuata aliniona nikiwa bado mbali, akanipungia mkono kwa upendo ili nisijichoshe kufika.

Nikaenda kulia kwa profesa aliyekuwa ananisimamia. Huyu ni mtu mrefu, mwembamba, anayefundisha kwa Kifaransa na kuhamia Kiswahili pale anapotaka kueleweka.

"Mulinzi iko na geti, weye uko na mukasi," akaniambia. "Tafuta mimea yenye haina mulinzi."

Akawasha kompyuta yake. Akanionyesha kwamba huko Ulaya watu wamezunguka milima yao vizazi kwa vizazi wakiandika kila jani walilolikanyaga, na kwamba maandishi hayo sasa yako wazi kwa yeyote mwenye mtandao.

"Iko bure," akasema. "Ata muntu wa Naviundu anaweza kamata."

"Lakini Profesa, miye sijafika kule. Sijaona ata theluji."

"Mi nilifundisha juu ya bahari myaka mingi mbele ya kuiona. Siku niliiona, haikuniongezea kitu. Ilikuwa mayi."

Ndivyo nilivyopata mada: usambazaji wa mimea ya baridi katika milima ya kusini mwa Ulaya. Kwa Kifaransa kichwa chake kilikuwa kirefu na chenye heshima. Shida ilianza nilipokitafsiri nyumbani.

Mama yangu anauza vitenge sokoni Ruashi. Watu wake ni wa Maniema, na amelelewa kwenye biashara. Anajua kwamba neno refu halisafiri, kwa hiyo aliponiuliza ninasoma nini mwaka huo hakutaka hotuba.

"Mimea ya baridi, mama," nikamwambia.

Akalirudia hilo polepole, akaridhika, akaondoka nalo kwenda Ruashi.

Sasa fikiria Kiswahili chetu. Dawa ya malaria ni ile inayoondoa malaria. Majani ya tumbo ni yale yanayotuliza tumbo. Na baridi, kwa watu wa umri wa mama yangu, haiko angani. Iko ndani ya magoti, viuno na mabega. Ndiyo ile wengine wanaita baridi yabisi, na Lubumbashi kila inapofika Juni na Julai, upepo baridi wa kiangazi unapopita chini ya milango, nusu ya mtaa inatembea kama imevaa viatu vya mtu mwingine. Kila mwanamke aliyesikia kwamba binti wa muuza vitenge anasoma chuo kikuu mimea ya baridi alielewa jambo moja tu, na alilielewa kwa furaha.

Wa kwanza kuja alikuwa fundi wa cherehani anayekaa ng'ambo ya barabara yetu. Mzee huyu alinishonea sare zangu zote za shule, na anaendesha mashine yake kwa miguu kama alivyoanza, ingawa wanawe wamemwambia mara nyingi anunue ya umeme. Anawajibu kwamba mguu haukatiki kama umeme. Lakini mwaka huo mguu nao ulianza kukatika. Alikuja Jumapili asubuhi akiegemea fimbo, akakaa kwenye kiti cha plastiki uani, akakunja suruali mpaka juu ya goti.

"Dokta," akaniita. Hakuwa amewahi kuniita hivyo. "Mama yako alisema kama unasoma mimea ya baridi."

"Ndiyo, baba fundi, lakini..."

"Baridi yangu njo hii." Akaligonga goti kwa kidole, kama mtu anayebisha mlango.

Nikaketi mbele yake, nikamweleza kwa adabu zote nilizo nazo. "Baba, ile mimea haitibu baridi. Inapenda baridi. Inakaa mule mule."

Akafikiri.

"Inakaa mu baridi na haifi?"

"Haifi."

"Myaka yote?"

"Ingine inazeeka kupita muntu, baba."

"Na haiumwe magoti?"

"Mimea haina magoti, baba."

"Njo kile ninasema!" Akanitazama kama mwalimu anayemwona mwanafunzi wake mzito anakaribia jibu. "Kintu inalala mu baridi toka kuzaliwa na haiumwe. Sasa kama ile haiko dawa, dawa ni nini?"

Nilikuwa na miaka yangu yote ya chuo nyuma yangu, nikaishia kulitazama goti lake. Mama alinitazama kutoka jikoni. Uso wake ulisema niwe mkarimu kidogo.

Baada ya fundi walikuja wengine. Alikuja jirani yetu anayeuza mikate ya mafuta pembeni ya barabara, yeye mgongo. Alikuja mjomba wake, bega. Alikuja mama mmoja kutoka Ruashi amebeba picha ya eksirei ya mume wake, akaiinua kwenye jua ili nione vizuri. Kila mmoja nilimweleza, na kila nilipoeleza niliharibu zaidi. Niliwaambia kwamba mimea ile inaota mbali, juu sana, mahali pasipofikika kirahisi. Wakatikisa vichwa: dawa ya kweli haioti kando ya choo. Nikamwambia mama wa mikate kwamba mimea mingine huko inajikunja pamoja kama mto wa kulalia, majani yamebanana, ili upepo usipite, na kwamba ukiweka kipimo katikati ya ule mto unakuta joto kuliko nje.

"Inatengeneza moto ndani?" akauliza.

"Inachunga joto ya jua, mama."

"Bila makala?" akauliza tena, yaani makaa ya kupikia.

"Bila makala."

Akashika mgongo wake kwa mikono miwili, akaangalia mbinguni. Kesho yake mtaa mzima ulijua kwamba ninasoma mti unaowaka moto bila makala.

Huku nje nikiwa dokta, ndani ya chuo nilikuwa bado mwanafunzi anayepigania nafasi ya kompyuta. Nilikaa kwenye chumba chenye joto, shati limenigandia mgongoni, nikisoma habari za mimea inayozikwa na theluji karibu mwaka mzima na kutoka wiki chache tu kuchanua haraka haraka. Mwanzo niliona aibu kidogo, kama mtu anayechungulia dirisha la jirani. Baadaye niliizoea. Nilijua kwamba kadiri unavyokwenda kusini ndivyo mmea uleule unavyokulazimisha kupanda juu zaidi kuupata. Nilijua unavyopenda upande wa kaskazini wa mlima, ambako jua halifiki vizuri. Na kulikuwa na jambo moja lililonikera: mmea uleule ulikuwa kaskazini kabisa mwa dunia, kule kwenye barafu, halafu ukapotea nchi zote za katikati, halafu ukatokea tena Alpi, na tena Pirenei, na kipande Balkani, kila kipande kimekaa peke yake juu ya mlima wake. Nani aliupeleka? Mbegu yake haina bawa la maana.

Vitabu vilikuwa na jibu zamani, lakini kusoma jibu na kuliona si kitu kimoja. Mchana mmoja nilikuwa ninaweka nukta kwenye ramani, na nikaweka juu yake ramani ya enzi za barafu, wakati mabonde ya Ulaya yalipokuwa baridi kama vilele vya leo. Nikaiona. Hakuna aliyeupeleka. Ulikuwa umekaa chini, bondeni, kila mahali, na wenzake wote. Dunia ilipopata joto, kila kundi lilikimbilia mlima uliokuwa karibu, likapanda, likaendelea kupanda, na sasa limebaki kule juu. Nilipiga meza kwa furaha. Umeme ukakatika saa ileile, na wenzangu wakanikuta ninakichekea kioo cheusi.

Mambo yalichafuka bahasha ilipokuja.

Nilikuwa nimemwandikia bibi mmoja anayetunza mimea mikavu huko Hispania, nikimuuliza juu ya nukta niliyoitilia shaka. Alinijibu vizuri sana, tukaandikiana mara kwa mara, na mwalimu mmoja wa kitivo chetu alipopita huko alirudi na zawadi yake kwangu. Ilikuwa karatasi ngumu, na juu yake umebandikwa mmea wa Pirenei, mmoja wa ile inayojikunja kama mto. Majani madogo kama ncha za sindano. Maua yaliyokuwa ya waridi yalikuwa yamefifia, yakawa na rangi ya chai nyepesi. Chini yake kulikuwa na mzizi mrefu, na kibandiko chenye jina na mahali ulipochumwa. Profesa alifurahi kuliko mimi. Akasema siku ya defansi, yaani siku ya kuitetea tasnifu mbele ya watu, karatasi hiyo itaonyeshwa kwa wasahihishaji.

Mama alinawa mikono kwanza ndipo akakubali kuitazama.

"Njo hii?"

"Njo hii, mama."

"Iko kadogo."

"Kule kuko upepo mingi. Ukirefuka, unavunjika."

"Hm," akasema. Alikuwa anaikagua kama kitenge anachoshuku kwamba rangi yake itatoka. Niliiweka katikati ya mbao mbili juu ya kabati, nikamwomba asiiguse mtu.

"Mi nitaigusa ya kufanya nini?" akaniuliza, na lilikuwa swali, si ahadi. Nilipaswa kulisikia vile.

Wiki zikapita. Joto la Septemba likaingia, na fundi akaanza kupona. Kwanza alipunguza kuegemea fimbo, halafu akawa anaibeba tu kama mwavuli siku isiyo na mvua, halafu akaiacha nyumbani. Mashine yake tulianza tena kuisikia toka alfajiri. Aliponiona njiani alinisalimia kwa mikono miwili, akainama kidogo, na mimi nikajisemea kwamba jua ni kitu kizuri kwa wazee. Alinishonea nguo ya defansi. Sikuwa nimemwagiza.

"Nimekuwekea mifuko mbili," akaniambia kwa sauti ya chini. "Dokta anahitaji mifuko."

Asiyekulia huku anapaswa kujua kwamba defansi Lubumbashi ni nusu mtihani, nusu harusi. Ndugu wanakuja wamevaa kitenge kimoja. Unga mweupe unakuwa tayari kwenye mkoba kwa ajili ya kummwagia mshindi kichwani, na kuku wanakuwa wamechinjwa kabla mshindi hajajua kama ameshinda. Mama alikuwa ameleta Ruashi nzima. Waliingia ukumbini wakijaza viti vya mbele ambavyo ni vya walimu, na hakuna mwalimu aliyethubutu kuwahamisha. Nilipogeuka nikaona wagonjwa wangu wote: mama wa mikate, mjomba wake, mama wa eksirei safari hii amekuja na mume mwenyewe. Fundi alikuwa mstari wa kwanza. Mama alikaa pembeni yake, amepakata ile karatasi, ameifunga ndani ya kitambaa kama mtoto mchanga. Asubuhi nilikuwa nimetaka kuibeba mwenyewe. Aliniambia kwamba nina mambo mengi kichwani, aniachie hilo moja.

Nikazungumza kwa Kifaransa, na hadhira yangu, ambayo haikuelewa sana, iliniunga mkono sana. Kila picha ya mlima mweupe ilipotokea ukutani walipiga makofi. Nilipofika sehemu ya mwisho nikageukia Kiswahili kidogo kwa ajili yao, nikasema kwamba joto linazidi kupanda, na mimea hii inapanda mbele yake, lakini mlima una mwisho.

"Maskini!" mama wa mikate akalia kwa nguvu, na rais wa jopo la wasahihishaji akagonga meza.

Huyu rais ndiye aliyekuwa hofu yangu. Profesa mzee wa mimea, miwani yake inaning'inia kwenye kamba shingoni, anajulikana kwa kumwuliza mwanafunzi swali moja tu, lakini lile ambalo hakulisoma. Alisikiliza wengine wakiuliza mpaka wakamaliza. Kisha akavaa miwani, akaomba kuona mmea wa Pirenei.

Nilinyoosha mkono kwa mama. Hakunipa. Aliinuka, akaipeleka mwenyewe mpaka mezani, akaiweka kwa mikono miwili, akarudi kukaa akiwa amenyooka kama askari.

Rais akafungua kitambaa. Akatazama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akaleta karatasi karibu na pua, akanusa.

"Mademoiselle, huu ni mmea gani?" akaniuliza kwa Kifaransa.

Nikataja jina lake la Kilatini, kamili, na matamshi mazuri.

Akaigeuza karatasi kunielekea. Kibandiko kilikuwepo. Mzizi ulikuwepo. Lakini juu ya mzizi, pale palipokuwa na mto wa majani ya sindano, palikuwa na majani ya kijani kizuri, yamechanika kama pindo la shela, yamepigwa pasi yakalala sawasawa, na yameshikwa kwa uzi mwembamba wa mshono wa kitaalamu kabisa. Niliyajua majani hayo. Nimeyakata jikoni kila wiki ya maisha yangu.

"Hii," akasema rais, na Kifaransa kilikuwa kimemwisha, "ni karoti."

Profesa wangu aliinua uso akaanza kuisoma dari. Nyuma yangu kiti kilikwaruza sakafu. Mama alikuwa amesimama.

"Monsieur le Président, mutoto hajue kitu. Ni miye."

"Weye ni nani?"

"Mama yake."

"Na mumea ya kwanza iko wapi, mama?"

Mama aligeuza kichwa polepole, akamtazama fundi. Ukumbi mzima ukamtazama fundi. Mzee akasimama, bila fimbo, akavuta koti lake alilolishona mwenyewe likakaa vizuri.

"Iko mu goti," akasema.

"Mu goti?"

"Mu hii ya kuume. Ni kidogo kidogo tu, Monsieur, na chai. Yote sikumaliza miye." Akatazama nyuma yake. Mama wa mikate akainua mkono. Mjomba wake akainua bega, lile lililopona.

Sijui kicheko kilianzia wapi. Najua kwamba wanafunzi waliokuwa wamesimama nyuma walilazimika kushikana, na kwamba rais aliinua ile karatasi akaifunika uso wake wote, na juu ya karatasi nikaona nywele zake nyeupe zinatikisika. Mimi tu ndiye sikucheka. Nilikuwa ninaona tasnifu yangu, kompyuta za kugombania, yule bibi wa Hispania na wema wake, vyote vikizama kwenye sufuria ya chai ya fundi.

Rais akashusha karatasi. Macho yalikuwa na maji, lakini sauti ilikuwa imerudi.

"Tulieni," akasema. "Mademoiselle, nina swali moja." Akaiinua karoti ya mama yangu. "Weka huu mmea kwenye ramani yako."

Nilitaka kusema kwamba hauhusiki. Halafu nikasikia kwamba ni swali, na kwamba ninalijua.

"Karoti ya porini ni mwenyeji wa Ulaya, kusini pia," nikasema. "Ila ni ya chini. Utaikuta kandokando ya barabara na mashamba. Haipandi mpaka kwenye vilele."

"Na siku utakapoikuta kileleni, imekaa hivi," akagusa karatasi, "juu ya mzizi wa mmea wako?"

"Basi nitajua joto limefika. Mimea ya chini inapanda, inachukua nafasi. Ya juu haina tena pa kwenda, inapungua, mpaka unabaki mzizi na kibandiko."

Siku hiyo nzima hilo ndilo jibu pekee nililolitoa bila kutazama karatasi zangu. Rais akaandika kitu, akafunga kalamu yake, akasema jopo linatoka kujadiliana. Walipopita mlangoni nilisikia mmoja wao akianza upya kucheka.

Walinipa alama nzuri, kwa sharti la kumwandikia yule bibi na kumweleza ukweli wote. Sikumaliza kusikia sharti, unga ulikuwa umeshanijaa machoni. Barua hiyo niliiandika wiki iliyofuata, na ilinitoa jasho kuliko tasnifu. Alijibu upesi. Alisema atanitumia mwingine. Alitaka pia kujua wagonjwa wanaendeleaje, na chai ilitiwa sukari au la.

Tulikula lupangoni kwetu, pale uani, chini ya turubai la kuazima: bukari, yaani ugali, kuku, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa kukaanga. Wasahihishaji walikuja wote, jambo lililompandisha mama hadhi mtaani kwa miaka kadhaa. Alimhudumia rais mwenyewe, na rais alipomaliza kula nilimwona akimwita mama pembeni, karibu na kisima. Nikajua sasa ndipo anamkaripia, faraghani, kwa heshima. Nikasogea ili nimtetee. Nikakuta rais ameweka mguu juu ya ndoo, amekunja suruali, anamwonyesha mama goti lake.

"Haikubaki ata kiloko, ata kidogo?" alikuwa anauliza.

Mama alitikisa kichwa kwa masikitiko makubwa. Alipoondoka, rais alikuwa na kifurushi cha gazeti chini ya kwapa, na majani ya kijani yakichungulia. Nilijua mama alichokuwa amebakiwa nacho.

Jua lilipoanza kushuka wageni wakapungua, tukabaki wawili na mlima wa sufuria. Mimi nilikuwa ninasugua, yeye anasuuza. Hapo ndipo aliponiambia, bila kunitazama:

"Sasa nielezee. Ile mimea. Toka mwanzo."

Nikamweleza kwa masufuria. Nikapanga yaliyopinduliwa yakawa milima, hii Pirenei, hii Alpi, hii Balkani, nikamwaga povu la sabuni chini kuwa baridi ya zamani iliyofunika mabonde. Nikamwambia kwamba zamani walikuwa wamoja, wamekaa pamoja chini. Joto lilipokuja wakapanda, kila mmoja na mlima wake. Sasa wanafanana, lakini hawajakutana tangu siku hiyo.

Aliyatazama masufuria yale. Mama ana dada Kindu, kaka Kolwezi, na mwingine aliyeishia Kalemie akifuata kazi ya reli. Alimimina maji, povu likaenda zake.

"Na beko bazuri?" akauliza. "Kule juu?"

"Ni wazuri, mama. Maua yao ni ya waridi."

Akapangusa mikono kwenye kitenge kipya, kile cha sherehe, akatoa simu, akampigia dada yake wa Kindu. Walikuwa hawajaongea tangu mfungo wa Ramadhani. Mtandao ulikuwa mbaya, kwa hiyo alikuwa anapiga kelele mpaka mbwa wa jirani akaamka. Akamwambia kwamba nimekuwa dokta. Akamwambia kwamba maprofesa walileta mmea mgumu kunijaribu, na walipokwama wote, yeye mwenyewe, mama yangu, ndiye aliyesimama ukumbini akawaambia kwamba ni karoti.

Shangwe ya mama yangu mdogo niliisikia mpaka pale nilipochuchumaa.

"Ehe!" mama akamjibu. "Mbele ya bantu yote! Rais akanipa mukono!"

Nilimwacha aendelee, nikavuta sufuria la bukari, lililokuwa limegandamana vibaya, nikaanza kulikwangua.